Mtama Usiokuwamo Katika Ramani

Jumatatu, 10 Oktoba 1955

Leo nimewaandikia watu maombi mawili kibarazani ninapofanyia kazi, moja la ng'ombe aliyepotea, moja la mpaka wa shamba. Kisha nikarejea nyumbani Ngokolo, hapa mjini, mapema ili niichore bustani ya uani.

Mama bado ashikilia kwamba mvua ya kwanza ikinyesha atarudi kwetu Rwamgasa. Kifua chake kibovu. Baba ni marehemu. Mdogo wangu anashinda mashimoni akifukua dhahabu. Nani atakayemsikia akikohoa? Bustani ndiyo kamba pekee niliyo nayo ya kumzuia hapa.

"Asiyelima mvua ikinyesha ni mgeni," amesema. Neno hilo limenichoma.

Jumatano, 12 Oktoba

Ramani inaendelea. Rula, penseli, karatasi safi. Mke wangu ataka mchicha na matembele karibu na jiko, yapate maji ya kuoshea vyombo. Binti yetu Rozalia ataka maua mekundu mlangoni. Yote yamewekwa.

Mama aliitazama karatasi kama mtu atazamaye kwato za ng'ombe mgonjwa. Nimeuchukulia ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimepeleka ombi la ruhusa katika ofisi ya mji. Kurasa mbili. Kwa kuwa mimea mirefu hukatazwa mjini kwa ajili ya mbu, nimeahidi kwamba "hapatakuwa na mmea wowote utakaothubutu kuzidi kimo cha goti". Sentensi hiyo ni nzuri. Nimeisoma mara nne.

Jirani yetu Mzee Saidi, fundi cherehani, alicheka hata akashika ukuta. Yeye hupanda mahindi nyuma ya jiko kila mwaka wala hajamwomba mtu.

"Karani, simba kalala, wewe unamwamsha umwombe njia!"

Asiyejua kuandika huona kila barua ni kelele.

Ijumaa, 21 Oktoba

Jibu halijaja. Sina utulivu. Nimeupima ua kwa hatua mara tatu, kila mara hesabu nyingine. Nimemfokea mke wangu kwa kumwaga maji mahali palipochorwa njia. Njia yenyewe haipo bado.

Alhamisi, 27 Oktoba

Ruhusa imekuja, yenye muhuri. Bwana afya aliileta mwenyewe. Akauzunguka ua, akaisoma sentensi yangu kwa sauti, akausifu mwandiko. Atarudi Januari kuhakikisha magoti.

Nikamsomea Mama barua yote kwa Kisukuma. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mtama wa baba yako umeuandika wapi?"

Haumo. Mama alisafiri na kibuyu cha mbegu mapajani tangu Rwamgasa, nami nilidhani ni kumbukumbu tu. Kwetu mbegu hutundikwa juu ya jiko zilindwe na moshi. Yeye amekiacha ndani ya furushi, kwa kuwa jiko hili si lake. Zisipopandwa msimu huu, wadudu watazimaliza. Na mtama wa baba humpita mtu mzima kichwa.

"Basi nitaupanda pasipotaka barua," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumapili, 30 Oktoba

Nimeanza ombi la pili. Nimelichana. La tatu. Nimelichana. Nitasemaje, kwamba goti nililolitaja lilikuwa la twiga? Nimeandika shida za watu wa kila upande. Hii yangu nimeitunga mwenyewe nikaitia saini. Hakuna aliyenitaka niombe. Naona aibu.

Mawingu upande wa magharibi. Furushi la Mama li mlangoni.

Jumatano, 2 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Lori la Geita, la kumrudisha Mama kwetu, huondoka saa nne. Mama akavaa viatu.

Nikaazima jembe kwa Mzee Saidi. Nikaanza tuta papo hapo palipochorwa njia. Sijalima tangu ujana. Tuta likapinda. Rozalia akacheka. Mzee Saidi akachungulia juu ya ua wa minyaa.

"Na ombi, Karani?"

"Sijaandika."

"Loo! Leo mvua itashusha samaki."

Mama alisimama mlangoni, furushi kichwani, akitazama mikono yangu. Kisha akalitua. Akavua viatu.

"Ondoka hapo. Hilo ni kaburi, si tuta."

Akaninyang'anya jembe. Mke wangu akaleta kibuyu. Tulipanda wote wanne, Mama akitutukana kwa zamu. Lori lilipiga honi barabarani. Hakuinua kichwa.

Jumapili, 13 Novemba

Manyunyu. Mtama umeota, haujafika kifundo cha mguu. Matembele yameshika. Maua ya Rozalia yameliwa na kuku.

Januari haiko mbali. Hofu ninayo. Jibu la kumpa bwana afya sijalitunga.

Leo Mama amekitundika kibuyu, chenye mbegu zilizosalia, juu ya jiko letu. Kimeanza kushika masizi.