Wimbo Niliodhani Wangu

Jumatatu, 2 Machi 1987

Mvua tangu asubuhi. Nyamirambo yote tope, wateja hakuna. Munyaneza amekuja dukani — yule kijana aliyesomea filamu Ubelgiji. Filamu yake imekwisha, umebaki muziki wa pahali mama anapomzika mtoto. Anataka kodiani, na kasikia zamani nilikuwa napiga harusini. Nikamwambia nimeacha, sijaigusa tangu tumzike mwanetu Zamuda. Akasema kwa upole kwamba ndiyo sababu amekuja kwangu. Nikakasirika. Halafu nikakubali. Sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Machi

Umekuja! Nilikuwa napinda suruali ya mteja, miguu kwenye cherehani, wimbo ukaingia mzima, mwanzo mpaka mwisho. Nikaacha suruali. Kodiani imejaa vumbi, vitufe viwili vimekwama, lakini imetosha.

Swafiya alikuwa uani anachambua maharage. Mikono ikasimama. Nikamwuliza mke wangu, mzuri? Akasema mzuri, akaingia chumbani, akafunga mlango. Uchungu wa kuisikia tena kodiani, nadhani. Mimi nilikuwa na furaha. Naliandika neno hilo na naona haya.

Jumamosi, 7 Machi

Tumerekodi. Mukandekezi, mwalimu wa Gatsata aliyeigiza yule mama, alisikiliza akalia. Eti siku ya kupigwa picha machozi yalikataa, leo yamekuja yenyewe. Munyaneza atalitia jina langu kwenye filamu.

Jumapili, 15 Machi

Filamu imeonyeshwa. Aibu.

Ukumbi ulijaa, mpaka mafundi wenzangu wa Biryogo walikuja. Likaja kaburi dogo, kodiani ikaanza. Nyuma yangu mtu mmoja akaimba. Kwa Kihindi! Kihindi cha kubabaisha, kama tunavyoimba sisi hapa. Akadakia mwingine. Kisha safu nzima. Hawakuwa wanazomea, walikuwa wanaujua. Ni wimbo wa filamu ya Kihindi iliyowahi kupita ukumbi uleule: mlevi anamtafuta punda wake sokoni. Mama anamtupia mtoto wake udongo, na watu wanacheka wanamkumbuka punda.

Mukandekezi alitoka kabla haijaisha, kitenge usoni.

Nje Munyaneza akaniuliza kama nimeiba. Nikaapa: wallahi, filamu hiyo sijaiona. Akageuka akaenda zake.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemwambia Swafiya watu wamenizulia. Akaweka sufuria chini.

"Uliiona, Baba Zamuda. Tulikwenda wote watatu. Mtoto alikuwa mapajani kwako."

Anasema Zamuda alimcheka yule punda mpaka akashikwa na kwikwi. Anasema baadaye, homa ilipompanda, alikuwa anauimba palepale kitandani, bila maneno, na mimi nimemshika mkono.

Mimi nakumbuka homa. Nakumbuka kitambaa cha maji kwenye paji la uso, kinakauka upesi. Wimbo sikumbuki. Punda sikumbuki. Mtoto wangu akicheka — sikumbuki.

Nikamwuliza mbona alinyamaza siku ile ya maharage.

"Ulikuwa unapiga tena. Ningekunyamazishaje?"

Nikatoka. Nimetembea mpaka Nyabugogo na kurudi. Nina hasira naye, na nikiitafuta sababu siioni. Yeye amebaki na kicheko. Mimi nimebaki na kitambaa.

Jumatano, 18 Machi

Nimemweleza Munyaneza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ihangane, yaani pole, jipe moyo. Ananiamini. Lakini filamu inaondoka Kanombe kwa ndege wiki ijayo, kwenda kwenye mashindano, na huko pia watu wanatazama sinema za Kihindi. Anataka wimbo mwingine Jumamosi.

Vijana wa kwenye kona wanauimba nikipita. Mmoja analia kama punda.

Ijumaa, 20 Machi

Hakuna kitu. Nimeshona tu. Swafiya anapika, tunakula, kila mtu na sahani yake.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kurekodia.

Nilikuja bila wimbo. Munyaneza akasema nifumbe macho nipige chochote, mashine itachukua. Nikafumba. Ukaja — wa chini, mzito, wa taratibu, hauna uhusiano wowote na ule. Nilijua kabisa safari hii ni wangu. Nikaupiga mpaka pumzi ya kodiani ikaisha.

Nilipofumbua macho, mtu wa mashine alikuwa ameshaizima. Munyaneza anatazama sakafu. Mukandekezi, ambaye hakulazimika kuja, akasogea akanishika bega.

"Fundi, iko ule ule. Umeupunguza mwendo tu."

Nikasema hapana. Nikasema hapana kwa sauti ambayo sikuipenda. Wakairudisha kanda nyuma, wakanichezea. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Sio mlevi, sio soko. Niliyemsikia anauimba alikuwa mdogo, anaukokota, anapumzika pale ambapo pumzi inamwishia. Pale pale nilipopumzika mimi.

Nikaomba waicheze tena. Na tena. Mtu wa mashine akasema ataichakaza kanda bure.

Sasa wako ndani wanashauriana. Nasikia jina la mpiga gitaa likitajwa. Nimeomba, kama wataitupa kanda, wanipe mimi niipeleke nyumbani kwa Swafiya. Bado hawajanijibu.

Munyaneza amefungua mlango. Anauliza kama labda nina mwingine.

Sina mwingine.