Muhogo wa Chai Sasa Unatoka Kona ya Musa

Kwa Mama Twaiba,
Nyuma ya Soko,
Msambweni.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi 2026

Mpendwa Kaka Muange,

Kabla ya salamu nakuomba, kwa jina la Mungu, barua hii uisome peke yako na ukimaliza uichane. Usimwonyeshe mtu, hata Musyoki mnayelala naye chumba kimoja. Usiipige picha. Ukikuta neno la kukukasirisha, usishike simu kabla hujafika mwisho.

Sasa nikusalimu. Hujambo huko Doha? Joto limeanza? Na kile kifua, kimepona au bado unakohoa kwa baridi ya ile mashine yenu? Sisi huku tu wazima. Idi ilipita salama, na Mama Twaiba mwenye nyumba alinilisha pilau mpaka nikaomba radhi. Leo kanisani nimemwona Mama mkubwa, mama yako, amebeba tawi kubwa kuliko la padri. Goti halimsumbui sasa. Ananiita bado "mtu wa serikali", ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba kituo chetu cha utafiti wa mazao ni cha chuo kikuu.

Uliuliza habari za kazini. Mimi ni karani wa mkataba bado. Mkataba unaisha mwezi wa sita, na wa kuutia sahihi ni mkuu wa kituo, Bwana Hesbon. Hilo ulikumbuke unaposoma yanayofuata.

Kombe, afisa wetu wa mwani, amehamia Kibuyuni moja kwa moja. Baada ya Pasaka ataanza mafunzo ya kukausha mwani na akina mama wa huko, na anatembea kama bwana harusi. Hiyo ndiyo habari njema.

Bi Mwanapili hayuko tena. Unamkumbuka, yule afisa wa mihogo aliyemgombeza mama yako kwa kupanda kwa kubananisha. Katikati ya Ramadhani alihamishiwa chuoni, huko bara, eti akafundishe wanafunzi. Hakuagwa. Niliingia asubuhi nikakuta meza yake tupu, na mswala wake umebaki juu ya kiti, umekunjwa. Kaka, mwanamke yule hawezi kusahau mswala wake. Aliondoka kwa haraka, au aliharakishwa.

Siku chache kabla ya hapo niliwasikia ofisini kwa Bwana Hesbon, mlango umeegeshwa. Bi Mwanapili alisema, "Mimi sigawi kitu ambacho siwezi kukila." Bwana Hesbon akacheka. "Madam, hii ni project, si hoteli." Kisha mlango ukafungwa, nikarudi kwenye mashine yangu nikijifanya sikusikia.

Pengine umesahau desturi ya kituo, nikukumbushe. Muhogo una ule ugonjwa wa michirizi. Majani yanaweza kupendeza na shina likanyooka, kumbe chini mzizi umeoza, una mabaka ya kahawia, mgumu kama gome. Huwezi kujua mpaka uupasue. Ndiyo maana Bi Mwanapili, kabla ya kugawa pingili za kupanda, aling'oa shina mbele ya wakulima, akapasua mizizi, akamkabidhi Dama wa jikoni aichemshe, na wote wakala. "Kuleni kwanza, ndipo mbebe," aliwaambia. Hata sisi wafanyakazi, muhogo wetu wa chai ulitoka shamba lilelile la mbegu.

Ramadhani ilipokwisha, Dama akawasha jiko tena. Siku ya kwanza aliniletea chai na muhogo, nikaona mbichi uliobaki jikoni umo kwenye mfuko wa sokoni. Nikamuuliza, "Dada Dama, huu wa wapi?"

"Wa Kona ya Musa, kule Ukunda. Bosi huja nao kwenye gari kila asubuhi."

"Na shamba letu hili hapa dirishani?"

"Mwanangu, mimi napika ninacholetewa. Shamba limetiwa kufuli. Nawe kula, usinitie mdomoni mwa watu."

Nikala, lakini haukupita vizuri. Kituo cha mihogo kinanunua mihogo Ukunda!

Nilijikaza nikamuuliza Bwana Hesbon mwenyewe, kwa mzaha, kama tumefilisika muhogo. Akajibu, "Nzisa, ile ni mbegu. Mkianza kula project, wakulima nitawapa nini, maganda?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Jioni yake akanirudishia ratiba ya Siku ya Wakulima niliyoipiga, akasema niondoe kipengele cha kuonja. Kinachelewesha wageni, alisema. Tangu hapo Amin, dereva wake, amekuwa akisimama nyuma ya kiti changu. Juzi aliuliza, "Siku hizi waandikiana na nani sana?" Nikasema na mchumba. Akasema, "Haya, msalimie."

Huenda namdhania vibaya mtu wa watu. Huenda kweli anaogopa mbegu zisipungue, na huko kuhama kwa Bi Mwanapili ni kuhama tu. Sijapasua muhogo hata mmoja, siwezi kuapa. Lakini wageni wa chuo wanakuja kumpongeza kwa shamba lile, na asingependa lionekane bovu siku hiyo.

Sasa nifike kwako. Siku ya Wakulima ni Jumamosi tarehe 18 Aprili, na wa kwanza kupewa pingili ni Mama mkubwa. Amekwisha kung'oa mihogo yake yote ya zamani kupisha hiyo mipya. Shamba liko wazi, linangoja mvua. Akipanda mbegu mbovu, hatajua mpaka wakati wa kuvuna, na mwaka mzima atakuwa hana cha kupika wala cha kuuza.

Mimi siwezi kumwambia. Yeye na Bwana Hesbon wanakaa benchi moja kanisani, na ameshamwalika chapati za Pasaka. Nikimnong'oneza leo, kesho atamuuliza, "Mwanangu Hesbon, mbona Nzisa anasema hivi?" Wewe anakusikiliza, nawe huko mbali hakuna wa kukushika. Mpigie, mwambie ni wazo lako. Asikatae mbegu wala asilaumu mtu. Akiitwa mbele, aombe kuonja kwanza kama zamani, mzizi upasuliwe watu wakiona. Mama mzee akiomba desturi mbele ya wageni, hakuna atakayethubutu kumnyima. Mzizi ukitoka mweupe, apokee kwa furaha, nami nitatubu moyoni kwa kumshuku mtu bure.

Msalimie Musyoki, mwambie tu nimeandika salamu. Kivuva na watoto wake wanakusalimu, na babu anauliza utarudi lini. Mungu akufunike huko uliko na akurudishe na afya yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye hofu,
Nzisa

Kunipata: usipige ofisini, wala usiniandikie kwenye simu yangu, kwa sababu huwa naiacha mezani ikichajiwa. Barua hii anakuletea Twaiba, binti wa mwenye nyumba, anayerudi kazini huko Jumanne. Usimpe jibu la maandishi. Ukishazungumza na Mama mkubwa, mpigie Mama Twaiba baada ya magharibi, uulize tu kama nimepona mafua. Sina mafua. Nitaelewa, na nitalala.

Na Mama mkubwa mwambie aje na kisu chake. Vya kituo vimefungiwa stoo.