Kwako Mzee Honi, na Kichwa Chako cha Treni

“Ahadi ni deni! Nimeshawaahidi watu wa ofisi ya reli, na leo jioni wanakuja kukichukua!”

“Umeahidi cha nani? Chako?”

“We mtoto, unajua unaongea na nani?”

“Naongea na wewe, Baba Mkubwa!”

Ndivyo tulivyoamka leo, Baba. Mwaka umetimia tangu utoke kwenda kununua mkate usirudi, na badala ya kukaa kimya kidogo tukuombee, tulikuwa tunapigiana kelele sebuleni kwako. Kaka yako kasimama upande huu wa meza, mimi upande ule. Katikati yetu kichwa chako cha treni, kile kidogo cha mfano, ndani ya boksi lake, kimefunikwa kitambaa kama maiti.

Mama ndiye aliyesema tangazo hili la kumbukumbu niandike mimi. “Si umemaliza shule, kazi huna, na kukaa kitako huwezi? Basi andika.” Baba Mkubwa alitaka maneno ya heshima, ametutangulia, sijui pengo lisilozibika. Mimi hayo siyawezi. Naandika kama tulivyokuwa tunaongea, wewe unanitazama midomo.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Honi. Uliendesha treni ya mizigo tangu Dada hajazaliwa. Ukikaribia nyumbani unapiga honi fupi mbili, halafu moja ndefu, Mama anabandika maji ya kuoga. Watoto wanakimbilia kwenye uzio kukupungia, na wewe hata mvua inyeshe vipi mkono unautoa dirishani. Mama anasema ndio maana shati lako la kazi lilikuwa na mkono mmoja umepauka.

Ile injini ilikulisha, ikakupa jina, na masikio ikayachukua. Taratibu tu. Kwanza uliacha kusikia ndege, halafu mtu akibisha hodi, halafu sisi. Ulipokwenda ofisini kuwaambia, wakacheka nawe vizuri, wakakupa chai, wakasema huo ni uzee, mzee wetu, kapumzike. Hukubishana. Ulirudi ukabamiza mlango mpaka picha ukutani zikacheza.

Na mlango huo! Wewe mlango hukuwa unafunga, unabamiza. Mama anapiga kelele kutoka jikoni, “Mlango!” na wewe umeshafika getini, huna habari. Siku nilipokuuliza, ukanijibu kama mtu anayeulizwa kitu cha kijinga: “Usipotetemeka mkononi, nitajuaje kama umefunga?”

Ulikuwa unaishi kwa mkono. Ulipita kwa Dada, unaweka kiganja kwenye meza ya cherehani, unamwambia, “Leo una hasira, mama, pumzika.” Na kweli alikuwa na hasira. Hata Msumari, yule kijana mwembamba uliyemfundisha kazi, ulimshika mkono ukamwekea kwenye chuma cha injini. “Usisikilize tu. Shika.” Anasema hilo ndilo somo lako la kwanza, na la mwisho pia.

Nakumbuka siku tuliyonunua kile kichwa cha treni. Duka liko ghorofani, juu ya fundi saa, ngazi zinanuka mafuta. Mwenye duka kavaa glavu nyeupe kama anataka kukung’oa jino. Alipokitoa kwenye boksi, hata mimi niliyekuja kwa kuburutwa nilisogea. Kilikuwa kile kile chako. Kile kile, ila kimenywea kikaingia kwenye viganja viwili. Vishikio vya ngazi vyembamba kama sindano. Waipa za kioo. Masizi yamepakwa pale pale yanapokaa masizi. Na kwenye dirisha la dereva kajitu kadogo kametoa mkono nje.

“Kina sauti ya kidijitali, mzee,” mwenye duka akasema. “Imerekodiwa kwenye injini yenyewe.” Akabonyeza rimoti. Injini ikakohoa, ikawaka, breki zikapumua, kisha honi. Mimi niliruka. Wewe ulikuwa unamtazama tu usoni.

“Ongeza.”

“Mzee, hapa chini kuna watu.”

“Ongeza, bwana!”

Akaongeza. Ukanyoosha mkono, akakuzuia: “Hapana, hapana, vipande hivi vinavunjika, hiki ni cha kuangalia.” Ukamwambia, “Mwanangu, cha kuangalia nimeangalia miaka yote.” Ukalaza vidole juu ya paa. Ukafumba macho. Mimi nikadhani unakibembeleza kama paka, nikaona aibu, nikaenda kusimama mlangoni. Baadaye nikakusikia unasema, “Ndiyo yenyewe.” Ukalipa bila kuomba akupunguzie, wewe uliyekuwa unagombana na muuza nyanya kwa ajili ya nyanya moja iliyobonyea.

Mama akatupokea na lake. “Mtu mzima na mvi zako umekwenda kununua mwanasesere?”

“Treni.”

“Treni si ulikuwa nayo miaka yote?”

“Ile ilikuwa ya ofisi.”

Sisi tulidhani unapenda kelele, Baba. Kila jioni honi ndani ya nyumba, jirani anagonga ukuta mpaka rangi inabanduka, Mama anakuonyesha kwa mikono: punguza! Na wewe tuli, mkono juu ya paa la treni, kama mtu anayempima mtoto homa. Mpaka siku Mama alipochoka, akaja kukutoa mkono kwa nguvu, mkono wake ukaangukia pale pale. Akasimama. Kinatetemeka. Akakaa pembeni yako mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile hakuna aliyekuambia upunguze. Mama mwenyewe alimfuata jirani, na ukuta haukugongwa tena.

Halafu ile asubuhi.

Ulipita reli kama wanavyopita wote, njia ya mkato, mkate uko upande wa pili. Treni ikatoka kwenye kona. Aliyekuwa anaendesha ni Msumari. Alikuona mgongo, akajua ni wewe kwa ile kofia. Akashika breki, akashika honi, na treni ya mizigo haisimami kama baiskeli. Aliishikilia honi mpaka mwisho. Mtaa mzima uliisikia. Mama alikuwa anaosha vikombe, akasema, “Nani huyo anapiga honi kama kichaa?”

Hakumaliza kuosha vile vikombe. Dada ndiye aliyevimalizia, baada ya maziko.

Ofisi wakaandika kwamba marehemu hakujali honi. Hakujali! Wewe!

Na hao ndio wanaotaka treni yako. Wanataka kuiweka kwenye kabati la kioo, pale ukumbi wa kusubiria, na kibao chenye jina lako.

“Kibao kiandikwe nini?” Dada akauliza leo, uzi mdomoni. “Hakujali honi?”

“Nyie hamnielewi!” Baba Mkubwa akapiga meza, boksi likaruka. “Huko makaburini anapita nani? Mbuzi! Stesheni wanapita watu. Nataka mdogo wangu awe na jina mahali. Nimembeba mgongoni mimi yule!” Akageukia dirishani akajifanya anatafuta miwani, na miwani kaivaa.

Nikamwambia polepole, “Ndani ya kioo nani atakishika?”

“Kwa nini kishikwe?”

Hapo ndipo nilipojua hatutaelewana, hata tukikesha.

Nikamtazama Mama. Nilikuwa na uhakika yuko upande wangu. Akasema, bila kuinua macho, “Mimi sitaki kibaki humu. Honi yake ni ile ile ya asubuhi ile. Nalala nacho chumba kimoja, kimezimwa, kimefunikwa, na bado nakisikia.”

Ungekuwepo wewe ungejua la kufanya, au ungetoka tu ukabamiza mlango.

Nikavuta boksi. “Basi kinatoka, Mama. Lakini ofisini hakiendi. Nakipeleka kwa Msumari.”

Cherehani ya Dada ikasimama. Unajua Msumari hajapanda treni tangu siku ile? Anakaa ndani kwao, kapunguka, sasa hata jina la msumari limemzidi unene. Akija huku anafika getini, anashika chuma cha geti, anarudi. Nimemwona mara nyingi. Hakuna aliyemkaribisha, hata mimi.

“Unampelekea aliyemuua baba yako?” Baba Mkubwa akauliza.

“Nampelekea aliyempigia honi.”

Nilidhani nitapigwa kofi, na nadhani yeye pia alidhani atanipiga. Mkono wake uliinuka, ukashuka, ukakaa juu ya boksi. Nikasubiri. Akauondoa mwenyewe.

“Watu wa ofisi nitawaambia nini?”

“Waambie kimeshachukuliwa na mwenye kazi yake.”

Nilikuwa nimeshafika mlangoni Mama aliponiita. Nikajua ananikataza.

“Hilo tangazo,” akasema. “Usisahau kuandika majina. Mwandike na baba yako mkubwa.”

“Na Msumari?”

Akakunja kitambaa kilichokuwa kimefunika treni, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kabisa.

“Andika unavyoona.”

Basi naandika. Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado anabandika maji jioni halafu anayamwaga. Ni binti yako, fundi cherehani, ambaye meza yake siku hizi haina wa kuishika. Ni kaka yako aliyekubeba mgongoni. Ni jirani wa ukuta mmoja. Ni Msumari, mwanafunzi wako. Na ni mimi kitindamimba wako, niliyeona aibu dukani. Kukusahau hatuwezi, Baba, hata tungetaka.

Nikatoka, boksi kifuani. Nikaushika mlango kama ulivyokuwa unaushika wewe, kiganja kizima, nikaubamiza mpaka nikauhisi kwenye kiwiko.

Jikoni Mama akapiga kelele, “Mlango!”

Halafu akanyamaza.