Kamba ya Mzee Iwase

Kaka Shigeo,

Matunda makavu yamefika, nimeyala peke yangu. Mwambie mama nimekuwa meneja. Kofia yangu ya kiwandani sasa ina mistari miwili.

Unamkumbuka Mzee Iwase, aliyenifundisha kazi? "Binti, ukiona kasoro vuta kamba, mashine zisimame. Aibu ni kunyamaza." Nilipanda cheo kwa kuivuta kuliko wote. Nilipofanywa meneja nikaifunga juu wafanyakazi wasiifikie, maana mashine zikisimama ripoti yangu inachafuka.

Jumatatu mashine ilimnasa mzee mkono. Wenzake waliirukia kamba, hawakuifikia.

Nilikwenda hospitali, nikainama kumwomba radhi. Hakuniita binti. Alisema, "Inuka, meneja. Utachelewa kazini."

Mama mwambie habari za kofia tu.

Mdogo wako,
Tomoe