Nyekundu na Bluu Katika Kopo Moja

Jumatatu, 6 Machi 1995

Maabara tena. Kupima, kuchuja, kuandika. Lile ganda la mti wa msituni linanuka hadi kwenye chai yangu. Miaka imepita tangu tuone linatuliza ngozi ya panya. Panya wa Kakamega wana afya kuliko watoto wa Kakamega.

Sasa ni zamu ya watoto wenye ukurutu, huko Shinyalu. Kila mmoja ana kikopo, kifuniko chekundu au cha bluu. Rangi moja ina dawa, nyingine mafuta matupu. Hata mimi sijui ipi ni ipi. Profesa wa Nairobi, msimamizi wetu, alitaka boma zima lipewe rangi moja. Nilimjibu kwa kurasa za moto. Kila mtoto ni mtu kamili, nikasema, apigiwe kura yake ya rangi. Nikashinda. Huwa nashinda.

Alhamisi, 9 Machi

Matokeo ya kwanza yako mezani. Nyekundu na bluu, sawasawa. Wote wamepata nafuu kidogo. Maana yake dawa yangu haishindi mafuta matupu. Nairobi wakiona hivi watafunga kazi, na ganda litarudi msituni.

Nimemfokea mlinzi wa lango. Hakukosa kitu.

Jumamosi, 11 Machi

Shinyalu. Matope hadi vifundoni. Nimekwenda kwa kina Imali, msichana wa kifuniko chekundu. Zamani alijikuna hadi damu, na shuleni hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Leo alinipa mkono mwenyewe. Kiganja kimeanza kulainika.

Nikafurahi, nikaomba kuona kikopo. Kilikuwa kimetiwa chumvi ya jikoni. Cha mtoto wa mke mwenza wa mama yake, cha bluu, pia. Kando ya mafiga kulikuwa na kopo kubwa la mafuta ya kupikia, na ndani yake marhamu yetu. Harufu ile ile ya ganda.

"Nyekundu inawashanga kidogo, bluu inatuliza," Mama Imali akasema. "Tukachanganya. Jioni tunapakanga watoto wote."

"Si tuliwaambia kila mtoto na chake?"

"Mlisema. Lakini daktari, mtoto wa mwenzangu anajikuna hapa, mimi nifungie dawa kwa sanduku? Wataniita mchawi."

Mke mwenza akacheka mlangoni. "Muache. Huyu ana bibi mmoja. Atajulia wapi?"

Kweli tuliwaambia. Nao waliitikia. Kuitikia mgeni ni adabu, si ahadi. Nimezaliwa hapa, nilipaswa kujua. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Sikumpata.

Jumapili, 12 Machi

Sikwenda kanisani. Nilirudi Shinyalu, nikapita maboma mengine. Hadithi ile ile. Kwingine kopo, kwingine sufuria.

Kwa hiyo hesabu zangu hazisemi lolote. Ninaweza kunyamaza. Dawa itakufa kifo cha heshima, watu watanipa pole. Au niseme ukweli na kuomba tuanze upya, boma kwa boma. Yaani alivyosema profesa. Yaani nilichokiita, kwa maandishi, uvivu wa kufikiri.

Nimejikuta napenda kunyamaza. Mimi, niliyepigana na kila waziri na kila askofu magazetini. Hilo limenichosha kuliko matope.

Jumanne, 14 Machi

Barua kwa profesa imekwenda posta. Ya kwanza ilijitetea, nikaichana. Ya pili ilishambulia, nikaichana pia. Iliyokwenda ni fupi kuliko zote nilizowahi kumwandikia. Dawa zimechanganywa majumbani. Ulikuwa sahihi, nami nilikosea. Naomba tuanze upya.

Huenda wakakataa. Wana sababu.

Mvua tangu mchana. Jumamosi, nikiaga, Mama Imali aliniuliza dawa nyingine italetwa lini. Nikasema karibuni. Sijui. Kopo lilikuwa limebakiwa na utando tu chini. Alikuwa akiukwangua kwa kijiko, mtoto baada ya mtoto, na hakumpunja hata mmoja.