Kiza Alichoagiza Ami

Ijumaa, baada ya alasiri. Joto limekaa juu ya bati na halina nia ya kushuka. Mikono yangu inanuka sabuni na gundi, kucha mbili zimevunjika, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nimeianza sentensi inayofuata mara tatu kwa adabu. Mara zote tatu nimeifuta.

Ami yangu amemtilia mamangu kiza.

Kwa asiyelijua gari la baba: ni gari la nyumba, limenizidi umri, lina kitanda cha kukunja, jiko la meko mawili, sinki dogo kama bakuli, na meza iliyo chini ya dirisha. Mzungu mmoja mzee alilileta pwani, akaumwa, akarudi kwao kwa ndege na kumwachia baba, ambaye ndiye aliyekuwa akimtengenezea injini. Baba alilipenda mpaka mama akaona wivu. Baba alipofariki lilibaki uani kwetu hapa Mtongwe, kuku wakitaga chini yake, hadi nilipomaliza chuo na kupata kazi, nikaanza kulifufua kidogo kidogo. Sasa linatembea. Ninaliendesha mwenyewe. Kitabu cha gari kina jina langu.

Lishike hilo, shajara, maana mimi mwenyewe nililisahau.

Macho ya mama yanakwisha. Ni presha ya macho. Hospitali walituambia kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki tu, na kilichobaki ni kidogo: anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mrija. Jua la adhuhuri linamchoma hadi machozi yanamtoka, lakini penye kiza haoni chochote. Anahitaji mwanga mwingi usiouma. Hicho ndicho kitu pekee anachohitaji.

Jumapili hii nimemwahidi kumpeleka Gazi, alikozaliwa. Hana mtu anayetaka kumwamkia huko. Anataka tu kukaa kwenye meza ile, aitazame njia.

"Nataka niione minazi ikipita," aliniambia, "kabla sijaanza kuikumbuka."

Basi nikaamua kuweka tinti, ile karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa kwenye vioo ili kupunguza makali ya jua. Si kwa urembo. Ni kwa ajili ya dirisha la mama.

Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikapita daraja la Dongo Kundu hadi Chaani, kwa fundi anayeitwa Kazungu. Kazi yake kubwa ni vioo vya matatu. Alilizunguka gari letu mara mbili, akaingia, akafungua kila kabati.

"Dada, hili ni gari au nimeingia kwa watu?" akaniuliza. "Hapa mimi na mke wangu tunahamia leo hii. Mama mkwe ndiye hatapata pa kulala, na hiyo ni bahati yangu."

Nilicheka. Nilimpenda, na hilo nalo linaniudhi sasa.

Alinitolea vipande vya tinti vya kila aina. Nilikishika kimoja kimoja dhidi ya anga, nikakunja ngumi na kuchungulia kupitia tundu lake, nijaribu kuona kama mama anavyoona. Nilichagua chepesi kuliko vyote, rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa maji. Nikamweleza sababu yote, kuhusu macho, kuhusu mrija, kuhusu Jumapili. Akaacha mzaha.

"Pole, dada. Hii itamfaa mama." Akakibandika kile kipande kwenye dirisha kwa utepe, asije akasahau.

Kisha akauliza, kama fundi yeyote anavyouliza, "Mwenye gari ni nani?"

Nami nikajibu, "Ni la marehemu baba. Mkubwa wetu sasa ni ami." Nikampa namba ya ami, kaka mkubwa wa baba.

Hakuna aliyenilazimisha.

Nimelifikiria jambo hili tangu jana na bado linaniaibisha. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akiuliza jambo lolote la nyumba, jibu hurudishwa kwa mwanamume mkubwa. Fundi wa bomba akija, namba ya ami. Posa ikija, namba ya ami. Mtoto wa kike anayesema "mimi" mbele ya watu huonekana kama aliyekwisha kuwazika wazee wake wote. Hivyo nilijibu bila kufikiri, na kibaya zaidi, nilijiona nimejibu vizuri. Nilijiona mwenye adabu. Mimi niliyesoma chuo kikuu miaka minne, nikasimama mbele ya jopo la maprofesa nikautetea utafiti wangu bila kutetemeka, niliulizwa na mtu aliyeshika kitambaa na ndoo ya sabuni kama gari langu ni langu, nikamwelekeza kwa mtu mwingine.

Jana jioni nilikwenda kulichukua. Nililiona kutoka ng'ambo ya barabara likimetameta, vioo vyote sita vya ubavuni na nyuma vyeusi kama viatu vipya vya shule. Nilijua kabla sijafungua mlango.

"Kazungu, hii siyo niliyochagua."

"Najua, dada." Alikuwa akifuta mikono na hanitazami. "Nilimpigia mzee nimwambie gari litalala hapa. Akaniuliza unaweka ipi. Nikamwambia. Akasema weka nyeusi, ile nyeusi kabisa."

"Nilikueleza habari ya mamangu."

"Ulinieleza, na mimi nikamweleza yeye. Akasema wewe ni mtoto, kauli ni yake. Sasa dada, mimi ningefanyaje? Namba si ulinipa mwenyewe?"

Namba si ulinipa mwenyewe. Niliendesha hadi nyumbani na maneno hayo. Pale juu ya daraja nilipiga kelele peke yangu, vioo vimefungwa. Kama kuna faida ya tinti nyeusi, ni kwamba hakuna aliyeniona.

Sikumwambia mama. Nilijipa matumaini ya kijinga kwamba asubuhi, jua likiwa kali, huenda ingetosha.

Leo saa nne alitaka kujaribu kiti chake. Alivaa buibui, akachukua na mkoba, ingawa tulikuwa hatutoki uani. Nilimshika mkono akapanda kidaraja cha mlangoni, akaketi, akaweka viganja juu ya meza na kugeuza uso dirishani. Akangoja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilimwona akingoja.

"Mwanangu, hujafungua pazia."

Mapazia yalikuwa kwenye kamba, nimeyafua. Akanyoosha mkono akapapasa, akitafuta kitambaa, akakuta kioo. Vidole vikabaki pale pale.

"Basi," akasema. "Tutakwenda vivyo hivyo. Utanihadithia wewe."

Ni hiyo "basi" iliyonichoma. Naijua. Ameisema kila mara ami alipoamua jambo: shamba liuzwe, basi; nisisomee mbali, basi, ingawa hilo nililipigania nikashinda. Na hii ya leo haikuwa ya shamba. Ilikuwa ya minazi.

Nilikwenda ndani nikachukua ndoo, sabuni, vitambaa na kikaushio changu cha nywele. Nilichukua na wembe, kisha nikaurudisha: vioo vya gari hili ni plastiki ngumu ya zamani, na wembe ungevichora kabisa. Ilibidi kucha. Nikapasha joto pembe ya juu ya dirisha la mama na kuanza kuchokoa.

"Wafanya nini?"

"Naibandua."

"Ami yako atakasirika."

"Na akasirike."

Nilidhani atanizuia. Nikasikia kitu kikikwaruza chini yangu. Ni yeye, ameikuta pembe ya chini kwa vidole, anavuta taratibu.

"Vuta huku," akasema. "Huko waipasua. Huna subira, kama babako."

Karatasi ilitoka lakini gundi ilibaki. Tuliisugua kwa maji ya moto na sabuni hadi adhana ikapita, hadi sala ya Ijumaa ikaisha na tukasikia watu wakirudi kutoka msikitini. Dirisha bado lina michirizi. Lakini mwanga uliingia ukalala juu ya meza, na mama akasogeza uso karibu, akaanza kuutembeza kidogo kidogo kama anavyofanya, akitafuta kwa ule mrija wake.

"Naona cheupe," akasema. "Cheupe chaja." Kisha, kwa sauti nyingine, "Ni ami yako. Atembea kama aliyesahau kitu."

Nilishuka. Pamoja na hasira yote nilimwamkia kwanza.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Alikuwa amesimama juu ya vipande vyeusi, anavitazama. "Na hizi ni nini?"

Nikamwambia. Sauti ilitetemeka, lakini nilifika mwisho.

"Mimi nimewasitiri," akasema. "Wanawake wawili njiani, ndani ya gari la vioo kama kabati la keki, kila dereva wa lori apite akiwatazama? Ndivyo mnavyotaka?"

"Hukuniuliza, ami."

"Nikuulize wewe?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia paka anazungumza. Kicheko hicho sitakisahau, na sitaki kukisahau.

Mama akalisukuma dirisha, lile la kufunguka kidogo kwa chini.

"Shemeji."

"Naam, shemeji." Mbele ya mama ana heshima, siwezi kumnyima hilo.

"Nimekuona tangu langoni. Umevaa ile kofia ya kahawia."

Ami akaigusa kofia yake.

"Ndani ya kiza chako," mama akasema, "nisingeiona."

Akalirudisha dirisha taratibu. Ami akanitazama, akaitazama ndoo. Nilitaka aombe radhi. Nilitaka sana, kuliko nilivyotaka kitu chochote mwezi huu. Alisema "haya," akafungua mwavuli wake, akaenda zake. Sijui "haya" ile ilikuwa ya kukubali au ya kunihesabia kosa.

Bado nina hasira. Nimeandika yote haya na haijapungua. Kubwa ni ya ami, aliyeambiwa habari ya macho na bado akaagiza kiza, kisha akakiita sitara. Kidogo ni ya Kazungu, aliyeliona lililo sawa akafanya jingine kwa sababu sauti ya simuni ilikuwa nzito kuliko yangu. Iliyobaki ni yangu, na ndiyo iliyokaa pabaya zaidi, kwa sababu haina wa kumpigia kelele.

Mama hajashuka garini. Namsikia kutoka hapa akitaja kila kinachopita uani: kuku, kuku mwingine, khanga za jirani kwenye kamba. Vioo vitano vilivyobaki vinaweza kungoja hata mwaka. Dirisha lake haliwezi kungoja, Jumapili ni kesho kutwa na jua la saa sita njiani litamuumiza.

Kwa hiyo kesho asubuhi narudi Chaani kuweka ile nyepesi. Kazungu ataniuliza tena, au hataniuliza, lakini nitamwambia vyovyote. Tangu alasiri nafanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Mwenye gari ni nani?

Mimi.

Bado linasikika kama tusi kinywani mwangu. Nitalisema hivyo hivyo.