Milango Sita ya Mninga, Nyuma Ukuta

Jumatano. Mvua inaipiga Matongo tangu mchana, mabati ya banda langu yanapiga kelele mpaka sijisikii, na mimi nimekaa juu ya rundo la maranda sijui nishike randa au nishike tama.

Mimi! Fundi niliyetengeneza makabati Kahama, Mwanza, mpaka Migori kwa Wakenya waliokuwa wananiita injinia. Shule niliishia kidato cha pili, sawa, lakini nionyeshe ukuta wowote nitakwambia unataka kabati gani kabla sijatoa futi mfukoni.

Leo ukuta mmoja umenishinda.

Nianze mwanzo. Chacha, jirani yangu, anajenga tegesha. Kwa mliozaliwa mbali: huku karibu na mgodi, tetesi zikitoka kwamba eneo fulani litachukuliwa, watu wanainua nyumba haraka haraka. Si ya kulala. Ni ya kungoja wathamini waje waiandike, mtu alipwe fidia, kisha katapila lipite.

Chacha alitaka kabati la chumbani, ukuta mpaka ukuta, milango sita, mninga mtupu. Nikamuuliza ndani tugawanyeje. Akacheka mpaka akakohoa. "Ndani ya nini, fundi? Wewe pigilia milango kwenye ukuta. Nani atafungua?"

Na mimi nikacheka. Nilijiona mjanja mwenzake. Milango nikaifanyia kazi hapa bandani kana kwamba inakwenda ikulu: randa, msasa, vanishi mara tatu, pembeni nikachonga majani. Vijana wa bodaboda wakawa wanasimama kujipiga picha nayo. Nikawaambia wasiegemee, hiyo ni sanaa.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nilikwenda kuifunga. Misumari ya inchi nne, fremu ikauganda ukuta kama kupe. Nilikuwa nakusanya vifaa akaingia mama yake Chacha, katoka Kenyamonta, sanduku kichwani. Shikamoo, marahaba. Mwanae kamwambia nyumba ni yake, ahamie. Mimi Chacha alishanieleza kwamba nyumba isiyotoka moshi jikoni inawatia wathamini shaka. Mama hilo la moshi halijui. Alipita kila chumba akigusa kuta, akamshukuru Mungu kwa Kikurya, halafu akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi niitikie amina.

Nikaitikia.

Kisha akatoa vitenge vyake, vimekunjwa vizuri, akafungua mlango wa kwanza.

Ukuta.

Akafungua wa pili. Wa tatu. Mpaka wa sita, vitenge bado viko mkononi. Akagonga tofali kwa kidole, akanigeukia, akaniita kijana kwa Kikurya. "Mura, nguo zinaingilia wapi?"

Mdomo huu umewahi kuwachekesha askari wa mpakani Sirari mpaka wakasahau kunikagua. Leo uliokota hili tu: "Mama, hiyo ni sura tu. Tumbo linakuja."

"Basi lifanye kubwa, baba. Nina na nguo za marehemu dada yangu." Akavipanga vitenge juu ya mfuko wa saruji.

Nikatoka nje nikampigia Chacha. Akasema niachane na mama, akiujua ukweli atausimulia kanisani. Tumbo niweke kama najisikia, ila lishikamane na nyumba, maana kinachobebeka wathamini hawakiandiki. Maana yake katapila likija, linaondoka na kabati, labda na vitenge.

Hapa ndipo akili inanizunguka. Chacha si mtoto mbaya. Anasema akilipwa atamjengea mama nyumba ya kweli, na mimi namwamini, karibu kabisa. Lakini wasipokuja je? Tetesi ngapi zimefia hapa hapa? Basi nyumba itakuwa ya mama kweli, moshi wa kweli, kitanda cha kweli. Kitu cha uongo humo ndani kitabaki kimoja tu.

Kabati langu.

Mke wangu Bhoke kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kanipiga la uso: "Umetembea nchi nzima, leo unashindwa na milango uliyoitengeneza mwenyewe?" Kaniachia uji kaondoka.

Haya. Sura nitaing'oa niisogeze mbele, nyuma yake niweke masanduku matatu, yenye rafu na bomba la kutundikia nguo. Sura nitaipiga misumari kwenye kuta za pembeni, ya Chacha hiyo, waandike wanavyotaka. Tumbo nitalifunga kwa skurubu tupu, hilo la mama. Siku ya katapila, bisibisi moja tu, linatoka zima na kumfuata anakokwenda. Akili hiyo hata kidato cha nne hawafundishi.

Lakini kumwambia mama ukweli? Nyumba ni ya mwanae, mdomo ni wangu, na mama ndiye anayelala humo. Kila nikiligeuza naona sote watatu tuna haki, na mimi ndiye niliyeshika nyundo.

Kesho nitakuwa nimepiga magoti ndani ya kabati, yeye kasimama nyuma yangu na vitenge vyake. Huyu ni mama aliyefungua milango yote sita. Ataniuliza tu kwa nini huku misumari na kule skurubu.

Mbao za tumbo nimeshazikata.